Bugobogobo ni Somo la Idara Gani? Michepuo ya Sekondari na Vyama vya Ngoma vya Usukuma

Mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania huijua idara kabla hajaijua taaluma yenyewe. Akiripoti kidato cha kwanza huonyeshwa milango: huu wa sayansi, ule wa lugha, ule wa historia na jiografia, na kule nyuma, karibu na stoo ya majembe, ule wa kilimo. Akifika kidato cha tano anapewa kombi ya herufi tatu, na tangu siku hiyo herufi hizo ndizo huwa jina lake. Yule ni PCM, huyu ni HGL, sisi ni HKL. Hata mezani wakati wa maharage watu hukaa kwa herufi zao, na wa PCM hawakosi neno la kuwaambia wa HKL.

Mgawanyo huu tumeuzoea mno kiasi kwamba twauona kama kitu cha asili, kama masika na kiangazi. La hasha! Una historia, una watu waliouweka, na una mambo ambayo uliyaacha nje ya mlango. Makala hii inakusudia kuitazama historia hiyo kwa kusimama mahali pamoja, yaani Bujora, kilima kilicho Kisesa, kilomita kama 20 kutoka Mwanza mjini ukishika barabara ya Musoma. Swali letu ni la kichokozi kidogo: bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, ni somo la idara gani?

Kwa msomaji ambaye hajaiona, bugobogobo ni kilimo na ngoma kwa pamoja. Watu hujipanga mstari shambani, ngoma inapigwa, manju anaanzisha wimbo, na majembe yanashuka ardhini kwa mdundo mmoja. Wenye ufundi hulirusha jembe hewani, likazunguka, wakalidaka bila kukosa pigo linalofuata. Shamba la mwenyeji linalimwa kweli. Baadaye kuna chakula, pengine na malipo. Ndani yake mna wimbo, mna utani, mna habari za mwaka ule, mna mashindano baina ya mstari na mstari, na mna jasho. Sasa mwambie mwalimu wa taaluma aiweke kwenye ratiba yenye vipindi vya dakika 40. Wimbo ataupeleka idara ya Kiswahili (ukishatafsiriwa, maana ni wa Kisukuma), jembe ataliacha idara ya kilimo, mdundo hautakuwa na pa kwenda, na jasho litahesabiwa kuwa ni adhabu.

Tusije tukadhani kwamba Usukuma haukuwa na idara zake. Ulikuwa nazo, tena zenye masharti magumu kuliko ya kujiunga na kidato cha tano. Wasukuma waliishi ndani ya vyama. Kulikuwa na vyama vya vijana wa kijiji vya kusaidiana kazi, chini ya kiongozi wao nsumba ntale. Kulikuwa na vyama vya wawindaji wa nungunungu na vyama vya waganga. Kulikuwa na Bayeye, mabingwa wa nyoka. Na juu ya vyote, kwa umaarufu, kulikuwa na pande mbili za mashindano ya ngoma, Bagika na Bagalu, ambazo masimulizi yanasema zilianzishwa katika karne ya 19 na mahasimu wawili, Ngika na Gumha, wote wakiwa wachezaji na waganga. Mpaka leo Msukuma mcheza ngoma huulizwa ni Mgika au Mgalu, na jibu halikwepeki.

Mashindano ya pande hizi yana mtihani ambao sisi wahakiki tungepaswa kuuonea wivu. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Basi. Hakuna jopo, hakuna mwongozo wa kusahihisha. Hadhira inapiga kura kwa miguu yake: ikichoka na wimbo wako inakugeuzia mgongo na kwenda kwa mwenzio. Ndiyo maana mtunzi, anayeitwa ningi, hawezi kurudi uwanjani na nyimbo za mwaka jana peke yake. Analazimika kutunga juu ya bei ya pamba, njaa, serikali, tabia za jirani, na zaidi juu ya udhaifu wa mpinzani wake. Ni kweli kwamba kuna dawa nazo. Kila upande una dawa zake za kuvuta watu na za kujikinga na hila za wenzao, na mcheza ngoma akishindwa huwa hakosi wa kumlaumu. Lakini hata mwenye dawa kali hutunga wimbo mpya. Jambo hilo linatosha kutuonyesha walikuwa wanategemea nini hasa.

Tuwatazame Bayeye kwa karibu zaidi, maana hapa ndipo neno "darasa" linapopata maana yake kamili. Mtu hakuingia buyeye kwa kupenda tu. Alitoa ada, akapitia jando la chama, akafundishwa kushika nyoka, akafundishwa dawa za sumu, akafundishwa nyimbo na maneno ya siri ambayo asiye mwanachama hayaelewi. Na nyumba ya kufundishia ilichorwa ukutani. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa sosholojia wa serikali ya Tanganyika, alizinakili picha hizo na kuzichapisha mwaka 1953 katika kitabu juu ya michoro ya ukutani ya wacheza nyoka. Karatasi zake nyingi zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Picha hizo zilikuwa vifaa vya kufundishia: mwali wa chama aliketi mbele yake, akaelezwa habari ya kila kiumbe kilichochorwa, akatakiwa kuyashika. Hapa pana ada, ngazi, mwalimu, zana, istilahi na mtihani. Kilichokosekana ni kengele tu.

Haya basi, shule ya kengele ikaja. Serikali ya Waingereza ilifungua Tabora School mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa watemi, kwa mfano wa zile shule za bweni za Uingereza zinazolea watawala, na mwaka 1937 akaingia humo kijana wa Kizanaki aitwaye Kambarage Nyerere. Mwaka mmoja kabla ya shule hiyo kufunguliwa, yaani 1924, Tume ya Phelps-Stokes ilikuwa imezunguka Afrika Mashariki ikihimiza elimu ifuate mazingira ya Mwafrika. Maneno hayo yalisikika matamu, na aliyeyachukua kwa uzito alikuwa Bryant Mumford, aliyeongoza shule ya Malangali, Nyanda za Juu Kusini, kuanzia mwaka 1928. Huko wazee wa kabila walikaribishwa shuleni kufundisha mila, ngoma ziliingizwa katika shughuli za shule, wanafunzi wakavaa mavazi ya kienyeji na kurusha mikuki. Yaani utamaduni ulipewa kitu kama idara. Jaribio hilo halikufika mbali. Katika miaka ya 1930 Malangali ilirudi kuwa shule kama nyingine.

Kwa nini? Wengi wamesema ni kwa sababu Waafrika wenyewe hawakulitaka, na hili lina ukweli mchungu. Mzazi aliyemtoa mtoto wake kwenye mifugo hakumpeleka shule akajifunze kurusha mkuki. Mkuki angemfundisha mwenyewe. Alitaka Kiingereza na hesabu, silaha za karani, maana aliona wazi nani anapewa kiti ofisini. Tunathubutu kusema kwamba mzazi huyo alikuwa mhakiki mzuri kuliko Mumford. Alitambua kwamba mila iliyotolewa kwenye maisha yake na kupangiwa saa na mzungu imegeuka kuwa kitu kingine. Hata hivyo mzazi huyo hakuuliza, na wala haikuwa kazi yake kuuliza, kama kulikuwa na njia ya tatu.

Kwenye ufuo wa ziwa, njia ya tatu ilijitokeza mahali ambapo hatungeitarajia: seminarini. Jambo hili huwa halisemwi vya kutosha katika mihadhara yetu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alipitia misheni ya Kagunguli na Seminari ya Rubya, huko Bukoba, ambako masomo yalipangwa kwa ajili ya kutengeneza mapadre. Hakuwa padre. Alirudi Ukerewe, na kufikia mwaka 1945 alikuwa amemaliza kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata mchapishaji wa lugha hiyo. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, mwandishi akiwa mzee sana. Akafariki mwaka 1981. Kilimo, uvuvi, dawa, posa, pombe, kilio: vyote vimo humo bila kugawanywa, kama vilivyo kijijini. Euphrase Kezilahabi naye, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, alisoma Seminari ya Mtakatifu Maria, Nyegezi, kabla ya kuingia Mlimani mwaka 1967. Mwaka 1971 alitupa Rosa Mistika, riwaya ambayo ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda na baadaye ikawa inasomwa na kutahiniwa. Msomaji atakumbuka kwamba Rosa mwenyewe anatoka Ukerewe na kwenda kusoma sekondari ya wasichana mjini Mwanza. Lakini jaribu kutafuta katika riwaya hiyo somo lolote la darasani ambalo lilimsaidia Rosa kuyaelewa maisha yake. Mwandishi alijua alichokuwa anakiacha.

Hapa tusiteleze tukadai kwamba seminari iliwafundisha hawa wawili fasihi ya kwao. Iliwafundisha Kilatini, nidhamu, na tabia ya kuandika kila siku. Fasihi ya kwao walikwenda nayo. Tofauti yao na mwanafunzi wa leo ni kwamba wao hawakuambiwa na mtu kuwa waliyoyabeba kutoka nyumbani ni mada ndogo ya kidato cha tatu.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika kwa kasi, walau kwenye karatasi. Desemba 1962 Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Machi 1967 akatoa Elimu ya Kujitegemea, waraka uliosema wazi kwamba shule ilikuwa inamtenga mtoto na jamii yake na kumfundisha kudharau jembe. Mwaka 1969 sheria ikazitia shule za misheni mikononi mwa serikali. Tanzania ikajitoa katika mitihani ya pamoja ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Taifa likaundwa kisheria mwaka 1973. Katika miaka hiyohiyo ikaja michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Kila sekondari ikapewa mwelekeo wake. Kwa upande wa Mwanza, Bwiru ya wavulana ikajulikana kama shule ya ufundi, na bado iko katika orodha ya shule za ufundi za serikali pamoja na Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Musoma na Iyunga.

Tukitazama kwa jicho la bugobogobo, mwaka 1967 ndio ulikuwa mwaka wa bahati, na ndio ulipotea. Waraka ulidai kazi na elimu viwe kitu kimoja, na huko Usukuma kulikuwa na watu ambao kazi, elimu na sanaa kwao vilikuwa kitu kimoja tangu babu. Ungetegemea kwamba shule yenye mchepuo wa kilimo katika mkoa wa Mwanza ingelima kwa ngoma. Badala yake "kazi za mikono" zikawa kipindi cha mchana, jua kali, kiranja ameshika daftari, wanafunzi wanalima kimya kimya wakihesabu hatua. Na mkosaji akipewa adhabu anapewa nini? Jembe! Kila aliyesoma bweni anajua hesabu hiyo: umechelewa, ng'oa kisiki, umeongea kilugha, lima mita kumi. Sasa mtoto wa Kisukuma ambaye baba yake huvaa vizuri, akajipaka, akatoka kwa mbwembwe kwenda kulima mbele ya watu, anajifunza shuleni kwamba jembe ni la wakosaji. Itikadi ilikuwa ya kijamaa, ratiba ilibaki ya kikoloni, na ratiba ndiyo iliyoshinda.

Ongeza hapo suala la lugha. Adhabu ya kuongea kilugha ilimaanisha kwamba wimbo wa bugobogobo, hata kama ungeruhusiwa shambani, ulikuwa ni kosa. Kiswahili chenyewe hakikuwa salama: Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili ifikapo 1985, na serikali ikakataa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikasimama na Kiingereza, halafu Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ikasema Kiswahili kitumike ngazi zote. Serikali moja, miaka miwili, majibu mawili. Katika mazingira hayo idara ya Kiswahili ikawa ni kisiwa, mahali pekee katika sekondari ambapo mwanafunzi alijieleza bila kukwama, na kisiwa hicho kilijilinda kwa kuwa kikali juu ya usanifu wa lugha. Hatuwezi kukilaumu sana. Lakini aliyetaka kuingia na wimbo wa Kisukuma alikuta mlango umefungwa kwa ndani.

Fasihi simulizi hata hivyo iliingia katika mihtasari, na hapa Mlimani mjadala ulikuwa mkali. Upepo ulivuma kutoka Nairobi, ambako mwaka 1968 Ngugi wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake pawe na fasihi ya Kiafrika, simulizi ikiwa katika kitovu. Dar es Salaam ilipata Idara ya Kiswahili mwaka 1970, chuo kikuu kilipozaliwa upya kwa kujitegemea. Katika miaka ya 1980 jarida la Mulika likawa uwanja wa kugawa tanzu: Ndyanao Balisidya alikuwa na mgawanyo wake, na mwaka 1989 M. M. Mulokozi akatoa wake. Ubora wa hoja ya Mulokozi ni kwamba hakuanza na umbo la maneno. Alianza na tukio: nani anatenda, mbele ya nani, wapi, lini, kwa ajili ya nini. Kwa kipimo hicho bugobogobo inaonekana vizuri kabisa, kwa sababu shamba ni sehemu ya fani na mavuno ni sehemu ya maudhui.

Kilichotokea hoja hiyo ilipofika sekondari kinajulikana. Muktadha ulidondoka njiani, ikabaki orodha. Mwanafunzi anabukua: hadithi, semi, ushairi, sanaa za maonyesho, taja vipera vinne, toa mfano mmoja mmoja. Mtihani unataka kitu kikae katika kisanduku kimoja, na bugobogobo inakaa katika vitatu. Mtahiniwa mwenye akili anaiacha kabisa, anaandika wimbo wa kubembeleza mtoto, anapata alama zake. Sisi tulio HKL tumefaulu hivyo, tusijidanganye.

Kumbe njia nyingine ilikuwa imeshajaribiwa, tena huko huko Usukuma. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Idara ya Sanaa za Maonyesho ya Mlimani, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda Malya, wilaya ya Kwimba. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakazungumza nao juu ya matatizo yao, likiwemo la wasichana kukatizwa masomo na mimba, na maigizo yakajengwa juu ya ngoma na nyimbo ambazo watu wa pale walikuwa nazo tayari. Mlama aliueleza mradi huo katika kitabu chake cha mwaka 1991 juu ya utamaduni na maendeleo. Kwetu sisi lililo kubwa ni hili: tatizo lile lile ambalo Kezilahabi alilifungia katika riwaya mwaka 1971, na ambalo idara zetu zililisoma kama "dhamira", Malya lilitoka kwenye vitabu likasimama uwanjani, na wenye tatizo wakalijadili kwa lugha yao na kwa ngoma yao. Ukiuliza mradi wa Malya ulikuwa wa idara gani, ya fasihi, ya maendeleo, ya afya, utakuwa umeuliza swali letu la mwanzo.

Wapo watakaotupinga, na hoja yao si nyepesi. Watasema: sekondari ya Tanzania ni ya taifa. Mtoto wa Tanga anapangiwa Mwanza, wa Mwanza anapangiwa Songea, na huo ndio uliotuepusha na ukabila unaowasumbua jirani zetu. Ukiingiza Bagika na Bagalu darasani, huyo wa Tanga akae wapi? Sisi tunaikubali nusu ya hoja hii. Upangaji huo umefanya kazi kubwa, na hatutaki shule za kikabila. Lakini bugobogobo ilishatoka Usukuma zamani. Vikundi vya ngoma vya taifa viliicheza, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, kimewafundisha vijana wa makabila yote kuirusha ile mpini. Taifa halikuikataa, liliichukua jukwaani, juu ya sakafu ya saruji, ambako jembe halina cha kulima. Yaani iliruhusiwa kuingia kama burudani kwa sharti kwamba iache kuwa elimu. Mtoto wa Tanga angeweza kuijifunza Mwanza pamoja na udongo wake, kama anavyojifunza kula michembe na sato.

Sasa turudi Bujora kwenyewe, maana kuna hatari ya kuifanya kuwa Edeni. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, na yalifunguliwa mwaka 1968. Kanisa la parokia lilijengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma. Utemi ulikuwa umefutwa na serikali mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ngoma za watemi zilihitaji pa kukaa. Bujora ikazipokea, ikazijengea jumba lenye umbo la kiti cha enzi. Kazi ya padre huyo ilikuwa na shabaha yake: alitaka Injili iingie katika ngozi ya utamaduni, na sikukuu ya Ekaristi ya mwezi Juni ikawa Bulabo, siku za mashindano ya ngoma. Kuna wanaosema aliokoa, kuna wanaosema aliteka. Kwa maoni yetu alifanya yote mawili, na asingeokoa mwingine.

Ila tazama jinsi makumbusho yalivyopangwa. Hapa nyumba ya mtemi. Pale nyumba ya mganga. Kule nyumba ya mhunzi, na nyingine ya vyama vya ngoma, Bagika upande wao na Bagalu upande wao. Hizi ni idara! Mgeni anatoka nyumba moja kuingia nyingine kama mwanafunzi anavyobadili kipindi. Katika maisha yaliyokuwepo, mhunzi aliyefua jembe huenda alikuwa Mgalu, jembe lake likachezwa shambani, dawa ya ngoma yake ikatoka kwa mganga, na wimbo wake ukamkosoa mtemi. Nyumba zote nne zilikuwa ndani ya mtu mmoja. Clement alitaka kuhifadhi na ikambidi kugawa, kama ilivyombidi mwandishi wa muhtasari. Tofauti ni kwamba Juni inapofika, Bujora huvunja mgawanyo wake yenyewe. Watu hutoka kwenye nyumba, makundi mawili husimama uwanjani, vumbi linatimka, na ule mtihani wa miguu unafanyika. Sekondari haina Juni yake.

Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024, baada ya Sera ya Elimu kuhaririwa mwaka 2023, umeigawa sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na katika amali kilimo kimo na sanaa zimo. Waliosoma miaka ya 1970 watatabasamu, kwa sababu wataitambua michepuo yao imerudi na jina jipya. Pamoja na hayo, mtu anaweza kutahiniwa kwa kulima na mwingine kwa kucheza, shule moja, na vyeti vikatoka. Kinachotisha ni kwamba hao ni watu wawili, katika vyumba viwili, na walimu wao ni wa idara mbili.

Kutoka shule kadhaa za Mwanza hadi Kisesa ni nauli ya daladala. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa kilimo wanaweza kupanda gari moja, na wanafunzi wao, mwezi wa Juni.